Pengo la Pai ya Marlys

Pai ile haikuokwa ili iliwe. Iliokwa iuzwe. Kila mwezi wa Machi, theluji ikiwa bado imelala kwenye mashamba ya Nordby, Marlys Odegaard alitoa kwenye friza mashina ya rubabu, mboga inayopikwa kama tunda, aliyoyahifadhi tangu kiangazi, mekundu na machachu, akayafunika kwa unga na sukari, akaipeleka pai hiyo moja kwenye ukumbi wa zimamoto. Magari ya zimamoto yalitolewa nje yakasimama kwenye baridi, meza zikapangwa mahali pake, watu wakala nyama ya nguruwe na chapati za viazi, wakanywa kahawa nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe, kisha mnada ukaanza. Blanketi la viraka, mzigo wa kuni, bata wa kuchongwa kwa mbao: kila kilichouzwa kilikuwa kimetolewa bure na mtu, na kila kilichopatikana kilikwenda kwa shirika lao dogo, Marafiki wa Kinamasi. Pai ilikuja mwisho.

Sheria yake haikuandikwa popote. Aliyeinunua alilipa, kisha akasema, "Uza tena," na pai ikarudi mezani kwa dalali. Baada ya kila mauzo dalali alitangaza pengo, yaani fedha zilizobaki kufikia lengo la mwaka. Na yule aliyesema, "Naondoka nayo," aliondoka na pai pamoja na pengo lake lote. Kilichobaki kilikuwa juu yake. Kwa hiyo watu walingoja mpaka pengo libaki dola hamsini, labda themanini, ndipo mmoja aliyejaliwa mavuno mazuri akasimama kwa madaha akaibeba. Watoto wa Nordby waliijua sheria hiyo kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Leif Aasen alisimama nyuma ya ukumbi, mikono kwapani. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na ndiye mwalimu pekee wa Marafiki wa Kinamasi. Mjini walimwita mwalimu wa vyura. Wakati wa baridi, barafu ikiwa ngumu ya kubeba mtu, alitembea juu ya maji akisimika nguzo zenye mapipa ya waya na nyasi, ili bata mwitu watagie juu, mbweha wasiwafikie. Mwezi wa Mei, kwa siku tatu, aliwachukua watoto wa darasa la tano na la sita akawaingiza kinamasini mpaka kiunoni, wakiwa na nyavu na mabuti marefu ya mpira unaonuka. Huko walijifunza kushika kereng'ende bila kumvunja bawa, kumvisha bata pete ya mguuni, na kunyamaza dakika kumi nzima, jambo ambalo walimu wao wa darasani hawakuamini mpaka walipokwenda kujionea wenyewe. Waya, nyasi, nyavu, mabuti, nusu ya mshahara wa Leif: vyote vilitoka kwenye mifuko ya watu hawa waliokaa mbele yake wakilamba sukari vidoleni.

Mwaka huo mifuko ilikuwa imefungwa, na Leif alijua nani aliyeifunga. Ni yeye.

Mwezi wa Januari alikuwa ameandika barua kwenye gazeti la wilaya. Mzee Delmar Kvamme, mkulima mwenye kinamasi cha mwisho kilichobaki karibu na mji, alikuwa ameagiza mabomba ya kuzikwa ardhini ili akikaushe na kupanda soya. Leif aliandika kwa hasira usiku kucha, na kila sentensi ilimfurahisha kuliko iliyotangulia. Aliandika kwamba jozi kumi na mbili za bata wa mgongo mweupe na kichwa cha rangi ya kutu hutaga pale kila mwaka. Aliandika kwamba Bwana Kvamme atawakausha bata, kisha wajukuu zake watadhani bata ni jina la timu ya mpira. Barua ilisomwa kila nyumba. Wakulima waliokuwa wakitoa dola mia kila mwaka bila kuulizwa wakaanza kusahau. Wao pia walikuwa na mabomba ardhini, na hawakupenda kuchekwa na kijana asiyelima hata kitunguu.

Marlys, ambaye ndiye mwenyekiti wa shirika, alimsihi aende kwa mzee akaombe radhi. Leif akajibu kwamba haombi radhi kwa kusema ukweli. Marlys akamwambia kwamba ukweli wake una miguu mizuri lakini haujui kubisha hodi. Wakaachana hapo.

Sasa pai ilikuwa mezani, na Orville Tande, dalali, mtu mnene mwenye sauti ya injini ya trekta, alikuwa ametangaza pengo la kuanzia: dola elfu tano mia nne. Fedha za nyavu na mabuti zilikuwa zimepatikana. Pengo lilikuwa basi na malazi, kwa kuwa vinamasi vingine vya karibu vilikwishakaushwa na watoto walipelekwa hifadhini, maili sitini. Mwenye basi alikuwa amesema wazi: asipothibitishiwa usiku huo, ataipa timu ya riadha ya mji mwingine siku zile za Mei. Bila basi hakuna kinamasi. Watoto thelathini na mmoja wangebaki madarasani wakichora bata kutoka kwenye vitabu.

Pai ikauzwa dola mia mbili. "Uza tena." Ikauzwa mia na hamsini. "Uza tena." Mtu wa benki akatoa mia tatu, watu wakampigia meza. Fundi wa magari akatoa tisini na kusema amewahi kununua gari zima kwa bei hiyo. Leif mwenyewe akainua mkono akatoa dola mia ambazo hakuwa nazo, na Orville akamwangalia kwa jicho la huruma ambalo lilimchoma kuliko dharau. Wengine wachache wakaongeza, kisha mikono ikaanza kuchelewa. Pengo likasimama kwenye elfu nne na mia moja, na watu wakaanza kutazama sahani zao.

Ndipo mkono ukainuka karibu na mlango. Delmar Kvamme. Hakuna aliyemwona akiingia. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, kofia ya ghala la nafaka kichwani, na kwenye sikio la kushoto kifaa cha kusikia ambacho kilikuwa kikipiga filimbi kila watu walipokuwa wengi, hata akawa anakizima nusu na kukiwasha nusu.

"Arobaini," alisema.

Hakuna aliyepandisha. Orville akagonga meza, akatangaza kwa mbio zake za dalali kwamba pai ni ya Delmar Kvamme kwa dola arobaini, na pengo sasa ni elfu nne na sitini. Kisha akangoja neno.

Delmar akapita katikati ya meza, akaweka noti mbili za ishirini mbele ya Orville, akaikumbatia pai kwa mkono mmoja.

"Naondoka nayo," akasema.

Mtu mmoja akacheka, akadhani ni mzaha. Delmar akamgeukia, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea pongezi. Akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake, kwamba atapitisha hundi ya sitini kwa Marlys wiki ijayo, na asiambiwe tena na mtu yeyote kwamba Kvamme hajui bata. Akafunga koti. Akatoka na pai kwenye theluji.

Ukumbi mzima ukabaki umetazama mlango. Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Katika elfu nne na sitini, mzee alikuwa amesikia sitini.

Kisha shingo zikageuka, moja baada ya nyingine, kumtazama Leif.

Jambo la kwanza lililomjia Leif lilikuwa tamu, na baadaye aliona aibu kulikumbuka. Aliona neno limetoka, mbele ya watu mia, na neno la pai halirudi. Aliona basi likija. Aliona Delmar Kvamme akiwalipia bata waliokuwa karibu kukaushwa naye, na akasema moyoni kwamba hata yeye mwenyewe asingeweza kuiandika vizuri zaidi. Fundi wa magari alimpiga bega na kumwambia bata wamelipiza kisasi. Leif akacheka. Kicheko kikafika nusu kikakwama, kwa sababu Marlys alikuwa akimtazama na yeye hakuwa anacheka.

Alimvuta kando, karibu na sufuria za kahawa, akamweleza kwa sauti ya chini. Kwanza, mvua ya mawe ya Agosti ilikata ngano ya Delmar yote, na bima ilimlipa kiasi cha kununulia mbegu tu. Mabomba yale hayakuwa ya tamaa, benki ndiyo iliyomwambia atafute ekari zaidi. Pili, neno la pai halirudishwi na aliyelisema, lakini mwenye mnada anaweza kulirudisha. Iliwahi kutokea, Leif akiwa bado hajazaliwa: mtu aliyelewa alibeba pai mapema, na asubuhi zimamoto, ambao mnada wa mwaka ule ulikuwa wao, wakaenda kwake wakaomba wapewe pai yao waiuze tena. Akawapa. Hakuna aliyelizungumza tena.

"Mnada wa leo ni wa nani?" Marlys aliuliza.

Leif akageuka kutazama mlango.

"Basi usiku mwema, mwalimu." Akaenda kuosha sahani.

Mwenye basi alimpigia Leif simu kabla hajafika nyumbani. Leif akamwomba ampe mpaka adhuhuri ya kesho. Mtu yule akaguna, akakubali.

Asubuhi Leif aliendesha gari akapita shuleni, na maili moja na nusu tu mbele akakunja kwenye njia ya Kvamme. Uani kulikuwa na mabomba meusi ya plastiki yaliyozungushwa kama nyoka waliolala, yamejaa theluji. Nyuma ya ghala kinamasi kilikuwa kimeganda, na matete yamesimama makavu, rangi ya ngano. Leif alikaa ndani ya gari na injini imezimwa mpaka vioo vikaingia ukungu. Kubaki na neno la mzee kulikuwa ni halali. Watu wote walilisikia. Kulirudisha kulikuwa ni kuwaambia watoto thelathini na mmoja kwamba hakuna Mei. Alijaribu kutafuta njia ya tatu, hakuiona. Akashuka kwa sababu miguu ilikuwa inaganda, na kwa sababu alijua kwamba akigeuza gari hapo, kila mwaka atakapoingia kinamasini atalikumbuka basi lililolipwa kwa sikio bovu la mzee.

Delmar alifungua mlango kabla hajabisha. Pai ilikuwa mezani jikoni, na robo yake haikuwepo.

"Nimekuja kuchukua pai, mzee," Leif alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani. "Tuiuze tena."

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Mashine iko sikioni. Na pai nimeshaila."

"Jana Orville hakusema sitini. Alisema..."

"Najua alichosema. Amenipigia simu jana hiyohiyo, analia kama ndama." Delmar akaketi, akamsukumia kiti kwa mguu. "Nimekaa na hii pai tangu usiku wa jana. Nikajiambia, kijana yule wa vyura atakuja asubuhi na gazeti kunidai. Hujaja na gazeti?"

Leif akasema hapana. Alikaa. Akasema kwamba neno lile hakulihesabu, kwamba mzee atoe sitini zake au asitoe kitu, na shirika halimdai. Alidhani atajisikia mwepesi akishasema. Lakini uso wa Delmar ulikuwa umekuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Kwa hiyo umekuja kunihurumia."

"Nimekuja kukurudishia neno lako."

"Neno langu nililitoa mbele ya mji mzima. Huwezi kunirudishia jikoni." Akakata kipande cha pai, akakiweka mbele ya Leif kwa nguvu, uma ukaruka. "Elfu nne sina. Ungenichinja usingezipata. Lakini sitaki kusikia eti nimesamehewa na mtu aliyeandika vile kuhusu bata wangu."

"Niliandika kwamba utawakausha. Mabomba yapo pale nje."

"Uliandika jozi kumi na mbili."

Leif akaitikia kwa kichwa.

"Ulihesabia wapi? Barabarani? Kwa darubini, umekaa garini na hita imewaka?" Delmar alikuwa ameinuka na kwenda dirishani. "Upande wa kaskazini, nyuma ya matete, kuna ghuba ndogo, barabarani haionekani. Jozi saba ziko mle. Ni kumi na tisa, kijana. Kumi na tisa mwaka jana, kumi na saba mwaka juzi. Mimi ndiye ninayekwama na trekta pale kila masika, mimi ndiye ninayewaona. Ukitaka kunitukana kwenye gazeti, nitukane kwa hesabu iliyo sahihi."

Leif alikuwa kweli amehesabia barabarani. Alikuwa kweli amekaa garini. Alikuwa amefundisha watoto miaka minne kwamba mtu asihesabu ndege kabla hajazunguka bwawa lote, kisha akaenda gazetini na nusu ya bwawa.

"Nilikosea," alisema. Neno hilo halikuwa na ladha aliyoitarajia. Lilikuwa dogo tu. "Sikuzunguka. Na yale ya wajukuu hayakuwa ya kuandikwa."

Delmar aliendelea kutazama nje. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya mbolea, elfu nne zote hizo ni za nini. Leif akamweleza: basi, malazi, ada ya hifadhi, maili sitini kwenda na sitini kurudi.

"Mnapita mbele ya mlango wangu," Delmar alisema polepole, "mkaenda maili sitini kutafuta bata."

"Chako unakikausha, mzee."

"Benki haipokei mayai ya bata."

"Najua. Jana nimejua."

"Mabomba hayazikwi mpaka udongo ukauke, na mwenye mashine ameniweka mwisho wa Aprili. Nikimwambia aniache mpaka baada ya mavuno, nitaikosa soya ya mwaka mmoja." Alihesabu kitu kwa vidole, akaacha. "Soya ya ekari zile, mwaka mmoja, ukitoa mbegu na dizeli, haizidi sana lile pengo lenu. Kutoka shuleni kuja hapa hata mtoto mvivu anatembea."

Leif hakuthubutu kusogeza uma.

"Ni mwaka huu tu," Delmar alisema. "Nimesema pengo ni langu, nalipa kwa nilichonacho. Usinishukuru. Na kwenye gazeti uandike kumi na tisa."

Leif aliandika hapohapo, mezani, nyuma ya karatasi ya mbegu. Sentensi nne. Delmar akazisoma, akafuta moja aliyosema ina mapambo, zikabaki tatu. Ilipofika adhuhuri Leif alimpigia mwenye basi akamwambia awape timu ya riadha siku zile.

Alhamisi gazeti lilipotoka, Marlys alilibandika kwenye ubao wa posta bila kusema kitu. Bahasha zikaanza kuja, kwanza moja moja. Fundi wa magari aliyetania juu ya bata alileta magurudumu manne ya kutengenezea mkokoteni wa nyavu. Mkulima mmoja, ambaye Leif alijua ana mabomba pande zote nne za nyumba yake, alituma dola mia na kikaratasi kilichoandikwa tu: jozi mbili, kwenye mtaro wangu, njoo uhesabu.

Mei, watoto thelathini na mmoja walitembea maili moja na nusu wakiburuta mabuti. Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Msichana mmoja, Britta, aliteleza akaingia mpaka kidevuni, akatoka akicheka na konokono kwenye nywele. Leif aliwapanga nyuma ya matete ya kaskazini, akawanyamazisha, na wakaona: bata mmoja wa kichwa cha rangi ya kutu akatokea, kisha jike lake, kisha wengine, wakipiga mbizi na kuibuka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Dakika kumi hakuna aliyepumua kwa nguvu.

Delmar hakuwa amealikwa kufundisha. Alikuja siku ya kwanza kuangalia uzio. Siku ya pili alikuja kuangalia uzio uleule. Siku ya tatu alikuwa ndani ya maji akimwonyesha Britta jinsi ya kutofautisha kiota cha bata na rundo la matete lililoletwa na panya-maji, akimkemea kila anapokosea, na msichana akimkemea yeye kwa kuongea kwa sauti kubwa karibu na ndege.

Jioni watoto walipokuwa wakikamua soksi kwenye nyasi, mmoja akamuuliza mzee kama mwakani darasa la nne nalo litakuja. Leif alikuwa akikunja wavu hatua tatu kando. Hakuinua kichwa. Alijua masharti, alijua benki, na alijua mabomba bado yako uani.

Delmar alichukua buti moja la mpira kutoka kwenye rundo, akaliinamisha. Maji yakamwagika yote juu ya viatu vyake.

"Waambie waje na mabuti ya maana," alisema. "Haya yenu yanavuja."